Steringi Amekufa

Tandika, mwaka 1999, shilingi 50 ilikutosha kuingia kibanda umiza kutazama picha ya video. Sisi tulikuwa watoto 6 na hamsini yetu moja. Basi aliingia mmoja kwa niaba ya wote, na jioni akatusimulia picha barazani.

Msimulizi hakuruhusiwa kuruka kitu. Alitakiwa kutoa milio ya bunduki kwa mdomo, aseme steringi kavaa nini na adui kafa vipi, kisha atoe hukumu: picha kali au picha bovu. Ukiipamba iliyo bovu, atakayeiona baada yako atakuumbua, na zamu yako umeipoteza. Tulikuwa pia na kanuni tuliyoirithi kwa kaka zetu, waliokua wakimtazama Schwarzenegger kwenye Commando: steringi hafi.

Zamu yangu iliangukia Titanic. Picha hiyo ya James Cameron ina zaidi ya saa 3, ikaja kwa mikanda miwili, na mwenye kibanda akatoza kila mkanda kivyake. Siku ya kwanza nilitoka meli ingali inaelea. Kiingereza sikukijua, na mikanda aliyoitafsiri Lufufu kwa Kiswahili ilikuwa haijafika mtaani kwetu. Nilitegemea macho, nayo yalitosha. Niliwaona abiria wa daraja la tatu wakilitikisa geti la chuma wasifunguliwe. Nilimwona DiCaprio akiganda majini, kashikilia ubao aliolalia mpenzi wake.

Barazani nikasema: steringi amekufa. Wakanizomea. Mmoja akadai nilisinzia, mwingine akaapa upo mkanda wa tatu. Sikurudi nyuma. Picha kali kuliko zote, nikasema, na ukali wake ni kwamba amekufa. Tangu hapo nimeandika juu ya picha nyingi, vitabu vya katuni, hata gemu wanazocheza wanangu, na hukumu ile bado naiona bora kuliko zote nilizowahi kutoa.

Mlangoni alikuwepo mpangaji mwenzetu, mama wa Bukoba, akipepeta mchele. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilikuwa imepinduka Ziwa Victoria kabla ya kufika Mwanza, imejaza watu kupita kiasi. Walionaswa ndani waligonga bodi wasikike. Likatobolewa tundu wapate kutoka, hewa ikavuja, meli ikazama nao. Sisi tuliyasikia redioni. Yeye alikuwa na mdogo wake mle.

"Mwanangu," akaniuliza, "wale wa nyuma ya geti, walitoka?"

Nikamwambia wapo waliong'oa benchi wakalivunjia geti. Nilitamani kuishia hapo, ila msimulizi haruki kitu. Nikamweleza na yule mama aliyebaki chini, akiwalaza wanawe kwa hadithi.

Akaweka ungo chini, akasogea kunipa nafasi mkekani.

"Hebu anza upya," akasema. "Anzia pale wanapopanda."