Si Kila Ndege Yafaa Kukunja Miguu

Ukipita karibu na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, zitazame zile Cessna Caravan zinazowapeleka watalii Maasai Mara. Magurudumu yake hubaki yakining'inia tangu kupaa hadi kutua. Je, waliozitengeneza walikosa ujuzi? La hasha! Magurudumu ya kukunjwa yalikuwapo tangu 1920, katika ndege ya mashindano ya Marekani iitwayo Dayton-Wright RB-1. Caravan hutua kwenye viwanja vya nyasi na changarawe, na huko mguu usiokunjika ndio ulio imara.

Nayasema haya kwa sababu ya wapwa zangu wawili wa Thika. Wana ndege moja ya mfano, ya kuongozwa kwa redio, ile ya kujifunzia yenye bawa juu ya kiwiliwili. Kaka, mwanafunzi wa uhandisi kule Juja, amekwisha kuimudu. Dada yake wa miaka 12 ndiyo kwanza anajifunza kuitua. Majuzi kaka alikuja kwangu Ruiru kuomba mchango wa kununua magurudumu ya kukunjwa.

"Mjomba, itapendeza kama ndege ya kweli," akaniambia.

Kupendeza, kweli itapendeza. Lakini tupime faida. Mwendo wa ndege ukiongezeka maradufu, upinzani wa hewa huwa mara nne. Kwa hiyo ndege ya kasi hufaidika sana ikificha magurudumu. Ile ya kujifunzia huenda polepole. Itapata faida ndogo na kubeba uzito zaidi.

Kazi yenyewe pia si haba. Miguu mikuu ya ndege hizi hufungwa chini ya kiwiliwili. Ukitaka ikunjwe ndani ya bawa, gandisha vipande vya mbao ngumu kwenye mbavu zake, kwani balsa ni laini mno kustahimili kishindo. Redio nayo iwe na chaneli ya tano, maana nne za kwanza ni za injini, usukani, mkia na mabawa. Kisha uisawazishe ndege upya. Magurudumu makuu yakae nyuma kidogo tu ya kitovu cha uzito: yakienda nyuma mno, pua haitainuka, yakija mbele yake, ndege itakalia mkia.

Tena usisahau tunakoishi. Thika iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 14, hivyo ndege hiyo hiyo hutua huku kwa mwendo mkubwa zaidi, takriban asilimia 7. Ongeza nyufa za udongo mweusi wa Juja wakati wa kiangazi, nawe utaona mguu mwembamba wenye bawaba utakavyoteseka.

Nilimwuliza mpwa wangu swali moja tu: siku mguu mmoja utakapokataa kufunguka na bawa kuvunjika, dada yako atajifunzia nini? Alinyamaza kitambo. Hatimaye tulikubaliana. Mchango wangu utanunua mbao za ndege ya pili, yake mwenyewe. Magurudumu atayafunga kwanza kwenye ubao mezani, ayakunje na kuyakunjua mara 100 bila kukwama, ndipo ayatie kwenye bawa. Ile ya zamani itabaki na miguu yake, mikononi mwa binti.

Nawe mzazi, kabla watoto hawajarusha chochote, uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, inayosimamia kanuni za 2020 za ndege zisizo na rubani. Sisi wa Ruiru tunapakana na kambi ya jeshi ya Kahawa. Hapa si mahali pa kubahatisha. Na mtoto mmoja akitaka kuboresha kifaa cha nyumbani, mwulize nani mwingine anakitegemea.