Ukuta Unaokula Kuni

Kila anayetaka kutusisimua kwa habari za vinu vya kuunganisha viini vya atomu hutuonyesha moto. Eti jua limetiwa ndani ya chuma, joto linapita nyuzi milioni 100! Sawa. Lakini mi kinachoninyima usingizi ni ukuta.

Pale Culham, Uingereza, palikuwa na kinu kiitwacho JET. Mwaka 1997 kilitoa megawati 16, kwa muda mfupi tu, kwa kuchoma deuteriamu na tritiamu, ndugu wawili wazito wa haidrojeni. Gramu 35 hivi za tritiamu ziliingizwa. Majaribio yakaisha, wakasafisha, wakarudia kusafisha. Gramu 6 hivi zikagoma kutoka. Zilijificha wapi? Ukutani, jamani! Vigae vyake vilikuwa vya kaboni. Moto ukavila kidogo kidogo, kaboni ikapeperuka ikaenda kuganda kwenye vipembe vya baridi, na kila ilipoganda ilishika tritiamu, kama masizi ya jikoni yanavyonasa mafuta. Mengine yakabanduka magamba magamba, yakadondokea pasipofikika.

Gramu 6, utasema, si kijiko cha sukari tu? Hebu fikiri. Tritiamu karibu haipatikani katika asili, ina mionzi, na nusu yake hutoweka kila miaka 12 na kidogo. Ukuta ukiimeza, umekula kuni zako, halafu umegeuka hatari. Mwaka 1998 vigae vilibadilishwa kwa mikono ya roboti, binadamu wakiwa nje wanatazama kwenye televisheni.

Nimeanza riwaya juu ya kinu hicho. Washikaji wa maskani wananiambia mtu wa kidato cha nne aandike mapenzi, fizikia awaachie wenyewe. Mapenzi si hayo hapo? Ukuta unashika kitu, unakataa kukiachia hata ukipikwa. Mnataka mapenzi gani zaidi?

Mwaka 2011 JET ilivishwa ukuta mpya wa beriliamu na tangsteni, ulafi ule ukapungua zaidi ya mara 10. Kinu kikazimwa Desemba 2023. Kikubwa zaidi, ITER, kinajengwa Ufaransa, na tritiamu inayoruhusiwa kubaki ndani yake haizidi kilo 1. Wenyewe wameamua kuacha beriliamu, wavae tangsteni. Ila nyutroni za moto huo hukipiga chuma na kukiachia vitundu vidogo mno, na tritiamu hupenda sana kujibanza humo. Hapo ndipo nilipofika, sura ya 4: nyutroni ya kwanza imeshagonga.