Mapigo ya Wa Mbele

Mwenzetu ametimiza miaka 60, umri ambao watumishi wengi wa umma nchini Kenya hustaafu. Hakutaka keki wala hotuba. Alituomba sisi rafiki zake watano twende naye kupiga makasia katika hori la Mida, karibu na Watamu.

Bahari haina haraka ya mtu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, nasi tulingoja hadi yalipoifunika mizizi ya mikoko, ndipo tukaingia.

Katika kayaki ya watu wawili, anayeketi mbele ndiye mwenye kuongoza mapigo. Wa nyuma humtazama na kumfuata. Yeye hamwoni wa nyuma. Kwa hiyo tulimketisha mbele mwenzetu, ambaye bega lake limekwisha kupungua nguvu. Tulipoyafuata mapigo yake ya polepole, makasia hayakugongana, na chombo kilikwenda sawa.

Je, wazee wetu majumbani tumewaketisha wapi? Mbele, ili mwendo wao uwe wetu, au nyuma, wahangaike kutufuata? Juma hili tutembee nao, kwa hatua zao.