Mlima wa Mai Mahiu na Tabo Isiyodumu

Ukitoka Naivasha kuja Nairobi kwa barabara ya chini, ukishaupita mji wa Mai Mahiu utaanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Kando ya njia utaliona kanisa dogo walilojenga mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Malori hupanda hapa kwa mwendo wa kinyonga.

Kama gari lako ni dizeli kuukuu lenye tabo, basi tabo ndiyo inayokupandisha. Moshi wa injini huzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Gurudumu hilo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana kwa muda mfupi tu, beringi zimekwisha.

Sasa watazame wasafiri wafikapo juu, penye vibanda vya ngozi za kondoo. Dereva huegesha na kuzima injini papo hapo, watoto wakakimbilia kuutazama Mlima Longonot. Kumbe chini ya boneti oili imesimama ndani ya tabo yenye moto mkali. Huungua ikawa masizi, na masizi huziba kijibomba kinachopeleka oili. Ndugu msomaji, iache injini ingurume polepole dakika mbili au tatu kabla ya kuizima.

Asiyefanya hivyo huishia Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, kwa jina la Ewart Grogan, Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo na kufika mwaka wa 1900. Hapa utauziwa tabo iliyokwisha kutumika, na fundi ataifunga siku hiyo hiyo. Baada ya miezi michache, moshi wa buluu umerudi, na gari halina nguvu.

Utamlaumu aliyekuuzia, na huenda ana makosa. Lakini ikiwa ya pili na ya tatu zimekufa vivyo hivyo, kikulacho ki nguoni mwako.

Kabla ya kufunga nyingine, mwambie fundi apime presha ya oili. Bomba la kuleta oili libadilishwe, lisipulizwe tu. Lile la kurudisha liwe wazi. Oili, filta yake na chujio la hewa viwe vipya. Vipande vya chuma vya tabo iliyokufa vitolewe katika mabomba ya hewa. Silikoni isipakwe penye njia ya oili, maana ikimeguka huiziba. Mwisho, tabo itiwe oili kwa mkono kabla ya injini kuwashwa.

Bomba ni rahisi kuliko tabo, na bei ya tabo ya tatu huenda ndiyo karo ya mtoto. Fundi akikataa kukuonyesha bomba la zamani, chukua gari lako uende kwa jirani yake. Grogan haina uhaba wa mafundi.