Kushuka Kadutu wakati wa mvua

Anayeshuka kutoka Kadutu kuelekea Nyawera asubuhi ya mvua anajua taabu yake: udongo unateleza, na maji yanaingia kiatuni kabla hujafika kwenye lami. Bukavu yetu imejengwa juu ya vilima, kando ya Ziwa Kivu, na mvua inatutembelea karibu tangu mwezi wa tisa hadi wa tano. Mtoto mwenye jozi moja tu anavaa viatu vibichi siku kwa siku. Darasani wenzake wanaziba pua, naye anaanza kukataa masomo.

Wamama, tusimgombeze. Jasho lenyewe halinuki sana. Vijidudu vya kwenye ngozi ndivyo vinavyolila na kutoa harufu, navyo vinapenda unyevu. Basi dawa ya kwanza ni kukausha.

Jioni toa soli ya ndani, jaza kiatu gazeti kuukuu, ulibadilishe likilowa. Usiku weka ndani makala makavu yaliyofungwa katika kitambaa, au nyunyiza kijiko cha bikabonati na kukikung'uta asubuhi. Usivikaushe karibu na mbabula: gundi inaachia, ngozi inapasuka. Jua likitoka hata kidogo, vianike.

Mtoto naye aoshe miguu kwa sabuni, akaushe katikati ya vidole, abadilishe soksi kila siku. Vidole vikiwasha na kuchubuka, huenda ni fangasi: hapo makala hayatoshi, mpeleke kituo cha afya.