Kabla Hujalipa Kodi Tandale

Kigwa, Uyui

Mpwa wangu,

Mama yako kanisomea ujumbe wako: chumba umekipata Tandale, Dar, dalali anataka kodi ya miezi sita na ya kwake ya mwezi mmoja, na wenzako kazini wanakutisha na genge la Panya Road.

Usije ukadhani wizi umezaliwa Dar. Misafara ya pembe kwenda Unyanyembe ilipita hapahapa kwetu, na msafiri Stanley alipofika mwaka 1871 aliikuta Kigwa imeharibiwa kama jirani yake Rubuga. Baada ya vita vya Kagera bunduki zilizagaa, ng'ombe wakawa wanaswagwa usiku, ndipo miaka ya 1980 mwanzoni sungusungu wakaanza huku Unyamwezini na Usukumani. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa unatoka na upinde. Asiyetoka anatozwa faini. Wizi ulipungua, hilo halina ubishi. Lakini wapo waliopigwa bila kosa, na wapo vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, wakati kilichoyachoma macho yale ni moshi wa jikoni. Kwa hiyo huko mtaani zamu ya ulinzi shirikishi usiikwepe, na mchango wake toa, udai risiti. Ila ukisikia "mwizi!" na watu wameshashika matofali na tairi, usiongeze mkono wako. Piga 112.

Panya Road nao wana mambo mawili. Januari 2015 watu walikimbia ovyo jijini na maduka yakafungwa, na sehemu kubwa ilikuwa uvumi. Mwaka 2022 haukuwa uvumi: waliingia majumbani na mapanga, wakaiba, wakaua. Sasa wewe utajuaje mtaa wako uko upande gani? Dalali hatakwambia. Rudi pale saa tatu usiku bila yeye, ukae kwa mama ntilie, ule, umsikilize. Waulize bodaboda wa kijiweni wapi hawaingii na abiria. Tembea kwa mguu kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni, uone taa ziko wapi.

Ila mimi, nikikupigia hesabu, Tandale naiogopea zaidi maji kuliko panga. Mwaka 2011 wakazi na wanafunzi wa chuo waliichora ramani yake, wakaonyesha humo mitaro na mahali taka zinapotupwa. Wenyeji wanajua maji yanasimama wapi. Tazama ukuta wa chumba. Rangi mpya iliyoishia usawa wa magoti, mpwa wangu, hapo pana tope limefichwa. Uliza choo ni cha wapangaji wangapi na luku mnachangiaje, maana ugomvi wa nyumba za kupanga huanzia hapo.

Ukiridhika, usimpe dalali hela kabla hujaonana na mwenye nyumba na kusaini mkataba. Nenda kajitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, wakuandike. Kitasa nunua kipya, kwani mpangaji aliyehama huenda bado ana funguo.

Omba ulipe miezi mitatu. Mwenye nyumba akigoma, nipigie kabla hujakopa kazini. Mwezi ujao nauza asali, hela ya kukuongezea haitakosekana.

Mjomba wako.