Uzuri wa Mkakasi

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Methali hii hufunzwa tangu shule za msingi. Mkakasi ni kikasha cha mti kilichopambwa, na kwa mujibu wa maelezo yaliyozoeleka, ni mfano wa mtu au kitu king'aacho nje ilhali ndani hamna cha kusifiwa. Wanafunzi huikariri, huipachika katika insha zao na kupata alama. Ni nadra kumpata anayeuliza mkakasi huo ulipakwa nini, na kwa nini maji yakauharibu.

Swali hilo lilimjia mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aliyekwenda Bahati wakati wa likizo kukusanya msamiati wa useremala. Bahati iko kaskazini-mashariki ya Nakuru, chini ya msitu unaobeba jina hilo hilo, na si jambo la ajabu kuona karakana kando ya barabara zake, mbao za saipresi na mgrivilea zikiwa zimeegemezwa ukutani. Katika mojawapo ya karakana hizo, mjomba wake alikuwa akitengeneza vitanda na makabati ili apate riziki, na vibweta vidogo vya mwerezi ili apate raha.

Mwanafunzi aliingia na daftari lake akidhani kazi itakuwa nyepesi. Randa, patasi, jiliwa na gundi aliviandika upesi. Alipofika kwenye msasa alitabasamu, kwani alijua kuwa msasa ni mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na kwamba mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kuchukua kazi na jina la majani hayo. Ndiyo maana hata mwandishi anayerekebisha mswada wake husemwa kuwa anaupiga msasa. Kisha mjomba akafungua kopo la vigamba vyembamba, vya rangi ya asali, vilivyometameta kama mabawa ya kumbikumbi. Hapo kalamu ikasita.

"Hii ni nini, mjomba?"

"Shelaki, mwanangu. Ni mate ya mdudu."

Jibu hilo lilikuwa karibu mno na ukweli. Shelaki hutokana na utomvu unaotolewa na mdudu mdogo, Kerria lacca, anayefyonza maji ya miti huko India na Thailand. Vijiti vilivyogandamana utomvu hukwanguliwa, utomvu wenyewe huoshwa, huyeyushwa na kuchujwa, kisha hutandazwa kuwa tabaka jembamba linalovunjwavunjwa likawa vigamba. Wapo wanaohusisha jina lake na neno la Kisanskriti lenye maana ya elfu mia moja, kwa jinsi wadudu hao wanavyojaa mtini bila idadi. Basi shelaki na laki tunayoihesabu katika fedha huenda ni watoto wa nyumba moja. Ndugu wa tatu ni lakiri, ile nta ya kufungia barua na kupigia mhuri, iliyotujia kwa njia ya Kireno na ambayo zamani ilitengenezwa kwa utomvu huu huu. Aidha, santuri za zamani zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye shelaki. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti yake ilirudi Zanzibar ikiwa imehifadhiwa ndani ya jasho la mdudu huyo.

Namna ya kuipaka shelaki ni somo la subira. Kwa kazi ndogo kama kibweta, fundi hupima gramu 30 za vigamba, akazitia katika robo lita ya spiriti, akaacha chupa usiku kucha huku akiitikisa mara kwa mara. Asubuhi huchuja kwa kitambaa safi na kuandika tarehe kwenye chupa, kwa sababu shelaki iliyokwisha kuyeyushwa huzeeka. Ikipita miezi kadhaa yaweza kukataa kukauka, ikabaki kunata. Chupa hiyo huwekwa mbali na moto na mbali na watoto, kwani spiriti ya dukani aghalabu hutiwa methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

Baada ya kupiga msasa na kufuta vumbi, fundi huviringa pamba ndani ya kitambaa kisicho na nyuzi zinazochomoka, akakilowesha kiasi, akapitisha mkono mara moja tu kufuata mkondo wa mbao. Harudii palipokwisha kupakwa, kwa maana spiriti huruka upesi na kitambaa kitakwama. Tabaka la kwanza hukauka kwa muda mfupi na kuacha vinyweleo vya mbao vimesimama. Hivyo hulainishwa kwa msasa laini, kisha hupakwa tabaka la pili, la tatu, la nne. Ajabu ya shelaki ni kwamba kila tabaka jipya huyeyusha kidogo lile lililotangulia, yakashikana yakawa kitu kimoja. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na papo kwa papo utando mwembamba hugeuka kioo.

Lakini maji je? Juma hilo mvua za masika zilikuwa zimepamba moto. Mjane mmoja wa jirani alikuwa ameagiza kibweta cha kuwekea hati ya shamba na picha ya marehemu mumewe, naye alikitaka Jumamosi, siku ambayo watoto wake wangekusanyika. Ijumaa jioni kifuniko kilipopakwa, weupe kama ukungu ulitanda juu yake. Spiriti inaporuka huupoza uso wa mbao. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hunasa ndani ya tabaka. Mwanafunzi alipendekeza kipakwe vanishi nzito juu yake ili mambo yaishe. Mjomba alikataa.

Mjane alipofika, aliambiwa ukweli wote: kwamba kibweta hakijawa tayari; kwamba hata kitakapokuwa tayari kitapunguza unyevunyevu wa hewa, ila hakitastahimili maji yaliyotuama wala kikombe cha chai ya moto; na kwamba pombe ikimwagika juu yake itakiyeyusha. Mama alighadhibika.

"Fundi, wewe unauza au unafukuza wateja?"

"Nauza, mama. Ndiyo maana nakueleza."

Akaondoka bila kuaga. Jumatatu jua lilitoka. Mjomba alipitisha kitambaa chenye spiriti kidogo, ukungu ukatoweka, akaongeza matabaka mawili ya mwisho. Jumanne mjane alirudi, akakigeuza kibweta huku na huku, akapunguza shilingi mia moja katika bei kwa sababu ya kucheleweshwa, akalipa. Mjomba hakubisha.

Kisa hiki kinaturudisha kwenye methali kwa jicho jingine. Shelaki haifichi mbao. Mkwaruzo ulioachwa kwa uvivu wa msasa huonekana maradufu chini ya mng'ao wake, na mwerezi mzuri huonyesha mistari yake yote. Mkakasi wa wahenga basi haukulaumiwa kwa sababu ulipakwa, kwani kila kitu cha mti huhitaji kukingwa. Lawama ni ya muuzaji aliyeusifu kwa mnunuzi akanyamaza kuhusu maji.

Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna la kujifunza hapo. Kamusi na orodha za istilahi ni hazina, ila maneno mengi yanaishi mikononi mwa watu wanaoyatumia, yakinuka spiriti na unga wa mbao. Mwanafunzi aliondoka Bahati na orodha fupi kuliko aliyoitarajia. Hata hivyo, kila neno lililokuwamo alikuwa amelishika kwa vidole vyake, na methali aliyoikariri kwa miaka mingi alikuwa sasa anaweza kuieleza kwa aliyeuliza, pamoja na sababu yake.